Swichi ya feni iliyonivusha, halafu ikaniunguzia injini

Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Leo naongelea feni ya rejeta. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, lakini kama unauza mtandaoni na mzigo unaupeleka mwenyewe na kigari cha zamani kama changu, soma mpaka mwisho. Mimi kosa hili limenila Sh 550,000, na hela hiyo ilikuwa mtaji.

Niko Ngara mjini. Nauza viatu, mashuka na vyombo vya plastiki kwa status za WhatsApp na magrupu ya Facebook. Wateja wangu wako Kabanga, Rulenge, Benaco, Rusumo, na wengine wako wilaya ya Biharamulo, kuanzia Lusahunga hadi Biharamulo mjini. Siku zangu za kupeleka ni Jumanne na Ijumaa. Mteja ukimwahidi Ijumaa, anakungoja Ijumaa. Usipofika, Jumamosi anaagiza kwa mwingine.

Sasa ile barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo mnaijua. Ndiyo njia ya malori yanayokwenda Rwanda, na ya Burundi yanapita humo pia kabla ya kukata kuelekea Kabanga. Siku moja nilikuwa natokea Biharamulo, nikanasa mlimani nyuma ya lori lenye tela. Gia ya kwanza, gia ya pili, basi. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikapaki pembeni, nikafungua boneti. Rejeta inachemka, feni imelala.

Hapa nieleze kidogo. Gari likikimbia, upepo wa mbele wenyewe unapooza rejeta. Feni inahitajika pale unapokwenda polepole au umesimama na injini inanguruma: mlimani nyuma ya lori, kwenye foleni ya mpakani, au sokoni unasubiri mteja atoke ndani. Yaani hasa kwenye kazi yetu. Magari mengi feni inatakiwa iwake yenyewe maji yakifika nyuzi 90 na kitu.

Na sisi wa milimani tuna shida ya ziada. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mfuniko wake, kwa sababu unashikilia presha. Mfuniko ukichoka, unachemsha mapema kuliko mtu wa Dar. Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo. Ukague.

Turudi barabarani. Kijana mmoja fundi aliyekuwa anapita na bodaboda akasimama. Akanikataza kugusa mfuniko, tukasubiri kama dakika 40 hadi injini ipoe. Akaongeza maji, akawasha, halafu akachomoa plagi ya sensa ya feni. Feni ikazunguka papo hapo. Akaniambia, "Kaka, feni yako nzima. Sensa ndiyo imekufa." Magari mengi ya zamani ya Toyota na mengine ya Kijapani yametengenezwa hivyo: ukichomoa waya wa sensa, feni inazunguka muda wote ufunguo ukiwa ON. Nikaendesha hivyo mpaka Ngara, mzigo wote ukafika. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Kesho yake nikaenda kwa fundi umeme wa mjini. Sensa hakuwa nayo, ilibidi kuagiza Mwanza. Akasema, "Nakuwekea swichi, unawasha feni mwenyewe." Nikafurahi, maana ilikuwa rahisi na siku ileile nimemaliza. Akakata waya za zamani za feni, akavuta waya mmoja kutoka betri, ukapita kwenye kiswichi kidogo cha taa hapo kwenye dashibodi, ukaenda kwenye feni. Ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima.

Baada ya wiki mbili nikasikia harufu ya plastiki. Swichi imeyeyuka. Kumbe feni ya rejeta inakula ampea 10 hadi 20, na kile kiswichi hakikutengenezwa kubeba mzigo huo. Dawa yake ni rilei. Rilei inabeba umeme mkubwa wa feni, swichi inabaki kuiamuru rilei tu kwa umeme mdogo sana, hata ampea moja haufiki. Nikaenda kwa fundi mwingine, akaweka rilei, na mambo yakatulia. Miezi miwili nikawa mtu wa swichi. Mlima ukianza, nabonyeza. Foleni, nabonyeza.

Halafu ikaja Ijumaa moja, foleni ya Rusumo. Mzigo wa wateja 11 nyuma. Simu inaita: mama mmoja anauliza kama viatu namba 38 vipo. Namjibu. Mwingine anatuma picha ya muamala. Wa tatu ananiambia bei niliyomtajia jana siyo hii. Najibu, narudi nyuma kutafuta meseji za jana, injini inanguruma. Nilipoinua macho mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na mvuke unatoka. Swichi sikuibonyeza.

Gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi imepinda. Kuisawazisha, gasketi mpya, oili, mafundi na kuvutwa hadi Ngara: Sh 420,000. Wateja niliowarudishia hela zao na vyombo vilivyovunjika: Sh 130,000. Siku tisa bila gari. Na yule mama wa namba 38 hakununua tena kwangu.

Nikiwa gereji ndipo nikalielewa lile la yule kijana wa bodaboda. Gari lilivyotoka kiwandani, waya wa sensa ukikatika, feni inawaka. Likikosea, linakosea upande wa kupooza. Mimi nililipeleka upande wa pili: nikisahau, feni inalala na injini inaungua. Hata ningeiacha ile plagi imechomolewa hadi sensa ifike kutoka Mwanza, mota ya feni ingechoka kidogo lakini injini ingepona. Niliondoa sensa nikakaa mimi mahali pake, na mimi ni mtu mwenye simu inayoita.

Kwa hiyo siwaambii msiweke swichi. Wekeni, ila iwe ya akiba, siyo ya kazi. Hivi ndivyo gari langu lilivyo sasa. Mpelekee fundi wako, kazi ya waya kama huijui usiifanye mwenyewe:

1. Pima kwanza ugonjwa. Angalia fyuzi ya feni. Badilisha rilei ya feni na nyingine ya aina ileile hapo kwenye boksi, uone. Chomoa plagi ya sensa. Mwisho fundi aipe feni umeme moja kwa moja kutoka betri. Ikikataa kuzunguka, mota imekufa, na swichi haitakusaidia kitu.

2. Kabla ya kugusa waya, toa kichwa cha negetivu kwenye betri. Na vidole mbali na feni, maana inaweza kuwaka yenyewe hata umezima injini.

3. Rilei iwe ya volti 12, ampea 30 au 40, ya miguu minne. Mguu namba 30 unapata umeme wa betri kwa waya mnene, mimi nimeweka wa milimita mraba 4, ukipitia fyuzi ya ampea 30. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika njiani usiwashe moto.

4. Mguu 87 unakwenda kwenye pozitivu ya feni. Mguu 85 unafungwa kwenye bodi, mahali penye chuma safi, siyo juu ya rangi.

5. Mguu 86 unatoka kwenye swichi, na swichi inachukua umeme kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwa ON tu. Ukichukua moja kwa moja kwenye betri, siku utakaposahau swichi usiku, feni ya ampea 15 inamaliza betri ya ampea-saa 45 kwa saa tatu hivi. Asubuhi unasukuma.

6. Waya za asili zisikatwe. Sensa mpya iendelee kuwasha feni yenyewe, swichi iwe njia ya pili. Mwambie fundi apime kwanza kwa taa, kwa sababu kuna magari ambayo feni yake inaamriwa upande wa negetivu, na haya mapya yenye kompyuta ya kubadilisha kasi ya feni yana utaratibu wake. Hayo usiyaunganishe kienyeji.

7. Taa ndogo kwenye dashibodi, imeungwa kwenye waya wa feni. Ikiwaka, najua feni imepata umeme. Nikiwa kwenye foleni na mshale umepanda lakini taa haijawaka, ndipo nabonyeza swichi, na nikifika nyumbani natafuta kilichoharibika.

Bei kwangu: sensa Sh 35,000, rilei, fyuzi, waya na swichi Sh 28,000, ufundi Sh 20,000. Jumla Sh 83,000. Sehemu nyingine itapungua au kuzidi, lakini ilinganishe na ile 550,000.

Baada ya hapo nikaiangalia na biashara yenyewe, nikakuta nimejaza swichi za mkono kila mahali. Bei zilikuwa kichwani mwangu. Siku za kupeleka kichwani. Nani amelipa, nani hajalipa, kwenye meseji. Kila kitu kinafanya kazi nikikumbuka, na nikisahau hasara ni yangu.

Nimebadilisha matatu tu. La kwanza, kwenye WhatsApp Business nimeweka meseji ya kujibu yenyewe: siku za kupeleka, maeneo, na orodha ya bei. Nisipojibu, mteja anapata jibu hata hivyo. La pili, mzigo hauingii kwenye gari kabla ya malipo ya awali kuingia. Nikisahau kumdai mtu, mzigo wake unabaki dukani, hauniachii deni barabarani. La tatu, nikiwa kwenye usukani simu iko kimya kwenye droo. Kwenye status naandika "Niko njiani, nasoma meseji nikifika." Wateja nilidhani watakasirika. Wengi wananiandikia "safari njema kaka."

Mdau, leo jioni kaa dakika kumi ujiulize: kwenye biashara yangu, ni kitu gani nikikisahau siku moja tu kinaniunguza? Kianzie hicho. Kipange ili siku utakaposahau, na utasahau tu, kiangukie upande salama.

Na kesho asubuhi kabla ya kupakia, fungua boneti injini ikiwa ya baridi. Angalia maji, angalia mfuniko, halafu washa gari na usimame hapo mpaka uione feni ikiwaka yenyewe kwa macho yako. Isipowaka, mzigo usiondoke.

Wewe gari lako au bodaboda yako iliwahi kukuacha njiani na mzigo wa watu? Ulifanyaje? Tuandikie hapa chini, mwenzako ajifunze bure kile ulichokilipia.