Usiichane Tiketi Kabla Hujajua Imetoka kwa Nani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza, swali huja vilevile kila mara. Picha ya karatasi ya njano iliyobandikwa kwenye kioo cha gari, au barua yenye picha ya plate namba, na chini yake maneno manne: "Nilipe au nitupe jamani?" Dakika tano haziishi majibu yameshamiminika, na linaloshangiliwa ni moja. Tupa. Hao wababaishaji, hawana meno, kaka yangu alipata tatu na hakulipa hata moja.

Anayeshughulika na rufaa za tiketi hizi kila siku hulikuta swali hilo akaishia kushusha pumzi, kwa sababu halijibiki. Karatasi ziko za aina tatu, zina wenyewe watatu, na kinachomwokoa dereva kwenye moja chaweza kumfikisha jela kwenye nyingine. Ya halmashauri ni adhabu ya kisheria. Ya kampuni inayosimamia maegesho ya supamaketi, hospitali au jengo la ghorofa ni dai la mkataba, basi. Ya polisi ni tuhuma ya jinai. Mbili za kwanza zote huitwa PCN, na makampuni yamejua kuvalisha karatasi zao rangi na miraba mpaka zifanane na za serikali. Atazame neno la kwanza: ya halmashauri imeandikwa Penalty, ya kampuni imeandikwa Parking. Kazi hiyo ni ya nusu dakika, na wengi hawaifanyi.

Hata hivyo, ushauri wa "tupa" haukuzuka hewani. Kabla ya Oktoba 2012 makampuni binafsi yalikuwa na shida ya kweli. Mkataba wa maegesho ulimfunga aliyeendesha, na kampuni haikumjua. Ilichokuwa nacho ni jina la mwenye gari lililotoka DVLA, idara inayosajili magari. Mwenye gari akikaa kimya, kampuni ilibaki na barua zake mkononi. Ndiyo maana silaha yao ilikuwa kufunga gurudumu kwa chuma na kudai pesa papo hapo. Mwaka 2012 Bunge likapitisha Protection of Freedoms Act, sheria iliyopiga marufuku ufungaji huo kwenye ardhi binafsi ya England na Wales. Sheria hiyohiyo, kwenye Jedwali la 4, ikaziruhusu kampuni kumdai mwenye gari hata kama aliyeendesha hajulikani, ilimradi zifuate masharti na muda uliowekwa. Watu walishangilia habari ya kwanza. Ya pili hawakuisoma.

Kisha akaja Barry Beavis, mwenye duka la chipsi. Aprili 2013 aliegesha gari kwenye maduka ya Riverside mjini Chelmsford, mahali ambapo saa mbili za mwanzo ni bure, akakaa saa 2 na dakika 56. Kampuni ya ParkingEye ikamdai pauni 85, au 50 kama angelipa ndani ya siku 14. Beavis akagoma. Hoja yake ndiyo inayosambazwa mpaka leo: maegesho yenyewe ni bure, kampuni haikupata hasara hata ya senti, kwa hiyo pauni 85 ni adhabu, na mtu binafsi hana mamlaka ya kumwadhibu mwenzake. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, ikakaa mbele ya majaji saba, na tarehe 4 Novemba 2015 ikaanguka kwa sita dhidi ya mmoja.

Majaji hawakubisha kwamba kampuni haikuwa na hasara. Ilikuwa inamlipa mwenye eneo pauni 1,000 kwa wiki ili iruhusiwe kulisimamia, na mapato yake yalikuwa madai hayohayo. Walichosema ni kwamba hasara siyo kipimo. Mwenye maduka ana haki ya kutaka magari yatoke ili wateja wengine wapate nafasi, kiasi kilichodaiwa hakikupita kadiri, na mabango yapatayo 20 yalimwambia dereva sharti na bei yake kwa maandishi makubwa. Tangu siku hiyo barua ya "nionyesheni hasara mliyopata" haina kazi, na bado watu wanainakili kutoka intaneti na kuituma, wakiwa wameongezea vifungu vya sheria ambavyo hata aliyeviandika hakuvielewa.

Na yule kaka aliyepata tatu asilipe? Muda wa kufungua kesi ya mkataba ni miaka 6. Huenda kampuni haikumshtaki. Huenda haijamshtaki bado.

Mambo hubadilika kwenye mfululizo wa barua, na hapo ndipo washauri wa "tupa" wanapowaponza wenzao. Baada ya dai la kwanza na ukumbusho huja barua za wakala wa kukusanya madeni. Hizi ndizo za kutisha: wino mwekundu, herufi kubwa, hadi pauni 70 zimeongezwa juu. Wakala huyo hana mamlaka yoyote. Hawezi kubisha hodi na kubeba televisheni, na barua zake zikikaa kwenye droo hakuna kitakachotokea. Kufikia hapo washauri wako sahihi, na dereva anazoea kutupa. Ifuatayo haitishi hata kidogo. Ni karatasi ya kawaida yenye kichwa Letter Before Claim, inayotoa siku 30 za kujibu. Baada yake huja fomu ya madai kutoka kituo cha mahakama kilichoko Northampton, yenye siku 14 za kukiri kuipokea na 28 kwa jumla za kuleta utetezi kwa anayekiri. Anayeitupa hiyo hupewa hukumu ya upande mmoja. Asipolipa yote ndani ya mwezi, hukumu hukaa kwenye kumbukumbu zake miaka 6, ikisomwa na benki, mwenye nyumba ya kupanga na kampuni ya simu.

Wapo wasiotupa chochote na bado wanahukumiwa: waliohama bila kubadilisha anwani kwenye kadi ya gari, ile V5C. Barua zote, ya mahakama ikiwemo, hupokelewa na mpangaji mpya. Mwenyewe hujua siku anaponyimwa mkopo. Ada ya kuomba hukumu itenguliwe ni takriban pauni 300, na kutobadilisha anwani kwenyewe ni kosa lenye faini inayofika pauni 1,000.

Kwa karatasi ya polisi, kunyamaza ni kosa jingine. Mwenye gari ana siku 28 za kumtaja aliyeendesha. Asipomtaja, ni pointi 6 kwenye leseni na faini hadi pauni 1,000. Kuna mbinu inayonong'onwa, ya kumtaja binamu aliyekuja kutembea na sasa amerudi Dar. Fiona Onasanya, mbunge wa Peterborough, gari lake lilinaswa na kamera Julai 2017 likienda maili 41 kwa saa penye kikomo cha 30. Fomu ikarudishwa na jina la mtu ambaye siku hiyo alikuwa kwao Urusi. Januari 2019 mbunge huyo alifungwa miezi mitatu kwa kupotosha haki, na Mei wapiga kura wakamvua ubunge. Kosa lenyewe la mwendo kwa kawaida humalizwa kwa pauni 100 na pointi 3. Pingamizi la maana huanzia kwenye tarehe: notisi ya kwanza ya kamera inatakiwa imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14.

Ya halmashauri: anayepinga asilipe, maana kulipa kunafunga shauri. Aandike pingamizi ndani ya siku 14, wakati punguzo la nusu bado lipo. Kwa kawaida halmashauri hulirudisha punguzo hilo hata ikimkatalia. Akikataliwa asubiri notisi rasmi kwa mwenye gari, Notice to Owner, ambayo ana siku 28 za kuijibu, kisha siku 28 nyingine za kwenda baraza huru, London Tribunals au Traffic Penalty Tribunal kwa miji mingine ya England na Wales. Halitozi ada. Hoja zinazosikilizwa ni alama zilizofutika au kufichwa na matawi, gari lililokwisha kuuzwa au kuibwa, kupakia mizigo panaporuhusiwa, na dakika 10 za ziada baada ya muda uliolipiwa, kwa England. Akipuuza, deni hupanda kwa asilimia 50 na mwisho wake ni dalali wa mahakama, huyu mwenye mamlaka kweli.

Ya kampuni: aanze kwa meneja wa duka alikonunua, akiwa na risiti, mara nyingi tiketi hufia hapo. Isipofutwa, aandikie kampuni ndani ya siku 28 kama mwenye gari, bila kusema nani aliendesha. Ahesabu siku: kama hakukuwa na karatasi kwenye kioo, dai linatakiwa limfikie ndani ya siku 14, la sivyo Jedwali la 4 haliisaidii kampuni, na Uskoti na Ireland Kaskazini halitumiki kabisa. Apige picha za mabango saa ileile aliyoegesha, hasa kama ilikuwa usiku na hakuna taa. Aliyekosea herufi moja ya plate namba kwenye mashine aseme hivyo na kuonyesha malipo. Kanuni za makampuni yenyewe zinataka dai la namna hiyo lifutwe. Akikataliwa aende kwenye chombo cha rufaa, POPLA au IAS, kutegemea chama ambacho kampuni hiyo ni mwanachama wake. Hakuna ada, na uamuzi unaifunga kampuni lakini haumfungi dereva.