Karani wa chai aliyenifunza kumsikiliza mgonjwa

UMEWAHI kukaa kando ya kitanda cha jamaa anayeugua maradhi yasiyopona, ukakosa la kusema? Mimi ni daktari, na nimekosa la kusema mara nyingi. Juma hili nitakueleza habari za mtu aliyenifunza.

Hakuwa profesa. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai, Kericho. Baada ya kumuuguza mamake hadi mwisho, aliacha mizani akarudi darasani kusomea ustawi wa jamii, umri wake ukiwa umepita miaka 40. Alipokuja kwetu alikuwa mwanagenzi katika hospisi, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa asiyeweza kupona ili aishi siku zake bila mateso. Huduma hiyo hufuata wengi nyumbani kwao.

Kazi hiyo inahitajika sana huku kwetu. Saratani ya umio, njia ya kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea Bomet na Kericho kuliko sehemu nyingi za dunia. Baadhi ya wagonjwa hawajafika hata miaka 30. Wengi hufika hospitalini wakati ugali haupiti tena, na hata uji ni taabu. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatia wagonjwa kama hao kipira cha waya kinachofungua umio ili waweze kumeza. Lakini kumeza si kupona.

Mzee aliyegeukia ukuta

Tulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa chai. Nilimpa mofini ya maji, nikaongeza kipimo, lakini usiku bado aliugua kwa sauti. Nilikuwa karibu kuongeza tena, mwanagenzi akaomba kwanza azungumze naye.

Siku ya kwanza alikwenda na fomu: una ekari ngapi, ng'ombe wangapi, watoto wangapi? Mzee akageukia ukuta. Karani alikuwa bado anapima majani! Siku ya pili aliiacha fomu, wakaongea habari za bonasi ya chai. Siku ya tatu mzee akauliza: "Kijana wangu, mbona wanangu wananong'onezana mlangoni?"

Kosa lilikuwa langu. Niliwaambia vijana wake jina la ugonjwa tukiwa nje, nikakubali baba yao afichwe. Kumbe vijana walikuwa wakitafuta mnunuzi wa ng'ombe ili wampeleke Nairobi kutafuta tiba ambayo haikuwepo. Mzee naye alihofia karo ya bintiye kitinda mimba.

"Daktari," mwanagenzi akaniambia, "mzee anajua. Anachokosa ni mtu wa kukubali kwamba anajua."

Niliona haya. Tuliketi sote, nikamweleza mzee ukweli kwa upole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ng'ombe wasiuzwe ila kwa karo. Usiku huo alilala, na kipimo cha mofini sikukiongeza. Baada ya majuma machache alifariki nyumbani kwake, jamaa zake wakiwa karibu.

Maumivu ya aina nne

Si ajabu kwamba aliyebadilisha kazi ndiye aliyeona. Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari na kufuzu mwaka 1957. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's, London, iliyokuwa mfano kwa nyingine nyingi. Alifundisha kwamba mgonjwa huumwa mwili, nafsi, roho, na pia huumizwa na mambo ya jamaa na riziki. Dawa yangu hufika kwenye mwili. Kenya ilipata hospisi yake ya kwanza, Nairobi Hospice, mwaka 1990.

Ushauri wangu

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, usiogope mofini iliyoandikwa na daktari. Ikitumiwa kwa maumivu na kwa kipimo, ni nadra mgonjwa kuwa mraibu. Mpe kwa saa zilizopangwa, usingoje alie. Kwa kuwa hufunga choo, uliza dawa ya kulainisha. Kabla ya kuuza mfugo au shamba, muulize daktari waziwazi kama tiba hiyo itaponya, na uliza yanayolipwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usiamue juu ya mgonjwa bila mgonjwa mwenyewe.

Na wewe unayefikiria kuacha kazi yako uingie katika huduma hii, njoo. Uliyojifunza kiwandani, dukani au shambani yatakufaa. Utakachopaswa kuacha mlangoni ni haraka. Usiahidi usiloweza, tunza siri, na mweleze msimamizi wako unapolemewa. Yule karani analemewa pia, na siku hizo huja kuketi ofisini kwangu. Sasa ni zamu yangu kusikiliza.