Kwa Nini Watu Wanahamia Linux

Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yale yanayoziba mianya wanayopitia wadukuzi. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja, basi.

Njia waliyooneshwa ni kuhamia Windows 11. Lakini mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, ambayo kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Hapo ndipo laptopu nyingi za mtumba zinapokwama. ThinkPad T450 ina kizazi cha tano, HP EliteBook 840 G3 ina cha sita. Ni mashine imara, zilizotengenezwa kwa kazi za ofisi, na mwanafunzi au mwenye duka la steshenari bado anazitegemea kila siku. Kumwambia mtu huyo anunue nyingine ilhali yake haina kasoro ni kumtwisha gharama isiyo yake.

Wengi wanaohama wanaanzia hapo. Hawahami kwa sababu ya falsafa ya programu huria, ingawa falsafa hiyo ndiyo inayowapa mlango wa kutokea. Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kwa hiyo kuna matoleo mengi, kama Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, inayopendwa na wageni kwa kuwa menyu yake iko kona ileile ya chini kushoto waliyoizoea. Mint inaweza kufanya kazi kwenye RAM ya GB 4 bila shida. Hata simu za Android zinaendeshwa na kiini cha Linux, kwa hiyo wengi wanaoiogopa wanayo mfukoni.

Uhuru huohuo wa kubadilisha msimbo ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kusubiri kampuni yoyote ione kama soko letu linalipa.

Sababu nyingine ni za kila siku. Laptopu nyingi huuzwa zikiwa na Windows isiyo na leseni, na programu za kuvunjia leseni mara nyingi huja na virusi. Kuna pia vile virusi vya flashi, vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu. Vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux havifanyi kazi. Halafu kuna bando. Kwa kawaida Windows hupakua masasisho yenyewe, na mtu anayeunganisha laptopu kwa intaneti ya simu hushtukia bando limekwisha. Mint huorodhesha masasisho, huonesha ukubwa wake, kisha husubiri ruhusa.

Si kila mtu anafaa kuhama. Photoshop na AutoCAD hazina toleo la Linux, na faili la Excel lenye makro nzito linaweza kugoma ndani ya programu za ofisi za LibreOffice. Anayepata riziki kwa programu hizo abaki na Windows, au aweke mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Hata taasisi kubwa zimepishana: polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na wakaendelea nayo, ilhali baraza la jiji la Munich, lililokuwa limehamisha maelfu ya kompyuta, liliamua mwaka 2017 kurudi Windows.

Uzuri ni kwamba kujaribu hakugharimu kitu zaidi ya flashi ya GB 8 na bando la kuupakua mfumo. Mfumo huandikwa kwenye flashi, laptopu inawashwa huku kitufe cha F12 au F9 kikibonyezwa, kutegemea aina yake, na baada ya muda mfupi Mint inafunguka bila kugusa diski. Hapo mtumiaji hupima Wi-Fi, sauti na printa. Wi-Fi ndiyo ya kupimwa kwanza, kwa sababu baadhi ya kadi husumbua. Akiridhika, anahamishia mafaili yake kwenye diski ya nje kabla ya kuusakinisha mfumo, kwa kuwa chaguo la kufuta diski nzima halibakishi kitu, iwe ni tasnifu au hesabu za duka.