Treni ya Kasi, Ndege au Basi: Tuhesabu Pamoja

Safari hii tumechagua jambo linalozungumzwa sana kwenye matatu, sokoni na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Je, nchi ikijenga reli ya treni ya mwendo wa kasi, faida ipo? Ama ni afadhali watu waendelee na basi, na wenye haraka zao wapande ndege?

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yatuhusu nini?" Yanatuhusu sana, kwa maana sisi ndio tunaolipa. Tangu mwaka 2013, bidhaa nyingi zinazoingia Kenya kutoka nje hutozwa ushuru wa reli. Kwa hiyo mama anayenunua bidhaa ya kigeni dukani huenda amechangia reli, hata kama hajawahi kuona stesheni kwa macho yake.

TRENI YA KASI NI IPI?

Kwa kawaida treni huitwa ya kasi ikiwa inakwenda kilomita 250 kwa saa au zaidi, juu ya reli iliyojengwa kwa ajili hiyo. Wajapani ndio waliotangulia. Tarehe 1 Oktoba 1964 walifungua njia ya kutoka Tokyo hadi Osaka, kilomita 515. Treni zile zilikwenda kilomita 210 kwa saa, na safari ilichukua saa 4. Siku hizi zinafika kilomita 285 kwa saa, na safari ni kama saa mbili na nusu. Ufaransa ilifuata mwaka 1981, kati ya Paris na Lyon.

Na yetu je? Madaraka Express, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, huenda kilomita 120 kwa saa na hutumia dizeli. Jirani zetu wa Tanzania walianza mwaka 2024 kutumia treni za stima zinazofika kilomita 160 kwa saa. Zote ni bora kuliko zile za zamani, lakini kwa kipimo tulichotaja, bado si treni za kasi.

HESABU YA KWANZA: MUDA WA SAFARI NZIMA

Kosa la kawaida ni kuhesabu muda wa kukaa ndani ya chombo peke yake. Safari huanza unapotoka nyumbani na kuisha unapofika unakokwenda.

Tuchukue mtu wa Nairobi anayekwenda Mombasa mjini. Ndege huwa angani chini ya saa moja. Lakini kuna msongamano wa magari njiani, kuna kufika uwanjani mapema, kukaguliwa, kungoja, halafu kutoka uwanja wa ndege kuingia mjini. Jumla inaweza kufika saa 4. Treni ya moja kwa moja hutumia kama saa 5, lakini ni lazima kwanza ufike Syokimau mapema, na ukishuka Miritini utafute gari la kukupeleka mjini. Jumla ni kama saa 7 au zaidi. Basi hutumia saa 8 hadi 10, ila unalipanda mjini na linakushusha karibu na unakokwenda. Kumbe tofauti si kubwa kama tunavyodhani!

Kwa sababu hiyo umbali ni jambo la maana sana. Safari ikiwa chini ya kilomita 200 hivi, gari linatosha. Kati ya kilomita 300 na 800, treni ya kasi inaweza kuishinda ndege, kwa kuwa stesheni huwa katikati ya mji. Kule Uhispania, njia ya Madrid hadi Barcelona ya kilomita 621 ilipofunguliwa mwaka 2008, abiria wengi waliiacha ndege. Lakini umbali ukizidi kilomita 1,000, ndege hushinda. Huko huko Japani, watu wengi wanaotoka Tokyo kwenda Fukuoka hupanda ndege, kwa maana treni hutumia kama saa 5.

HESABU YA PILI: ABIRIA NI WANGAPI?

Mombasa na Nairobi ziko umbali unaoifaa treni ya kasi kabisa. Basi kwa nini tusijenge? Jibu liko kwenye viti.

Reli ni ghali hata kabla treni ya kwanza haijapita. Madaraja, mahandaki, mishahara na riba haviulizi kama kuna abiria au hakuna. Ni kama kinu cha kusaga cha kikundi: kikisaga kutwa, deni linalipika. Kikisaga debe mbili kwa siku, kitawafilisi.

Njia ya Tokyo na Osaka ina treni zaidi ya 300 kila siku, na hubeba zaidi ya watu milioni 150 kwa mwaka. Madaraka Express ilibeba zaidi ya watu milioni 2 mwaka 2023. Yaani treni zile hubeba kwa wiki moja watu kama wale tunaowabeba sisi mwaka mzima. Isitoshe, reli yetu hutegemea sana mapato ya makontena, na treni nzito ya mizigo haipatani vizuri na treni inayopita kama mshale.

HESABU YA TATU: DENI

Japani nayo ilikopa. Mwaka 1961 Benki ya Dunia iliipa dola milioni 80 kwa ajili ya reli hiyo, na gharama ikaishia karibu maradufu ya makadirio. Lakini treni zilijaa, na mkopo ule ukamalizwa kulipwa mwaka 1981. Baadaye zilijengwa reli nyingine mahali penye watu wachache, na shirika la reli la serikali likavunjwa mwaka 1987 likiwa limelemewa na madeni. Nchi ni ile ile, lakini hesabu zilikuwa tofauti.

Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu kama shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo kutoka China. Mkopo hulipwa hata treni ikienda tupu.

FAIDA ISIYO YA PESA

Tusihesabu nauli peke yake. Tangu mwaka 1964, hakuna abiria aliyekufa kwa treni za kasi za Japani kugongana au kuacha reli. Sisi hapa Kenya, kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024, tulizika zaidi ya watu 4,000 waliokufa barabarani. Karibu kila kikundi kina mjane au yatima wa ajali. Kila anayeondolewa kwenye barabara yenye malori usiku na kupata kiti salama ni faida, ingawa mwekahazina hawezi kuiandika kitabuni.

MAONI YETU

Kwa sasa sisi tunaona treni ya kasi kama ya Japani haijatufaa. Kinachotufaa ni hii tuliyonayo ijazwe watu na mizigo, na stesheni zake ziwe na barabara nzuri na matatu za kuaminika. Kupunguza saa moja ya kuhangaika kati ya stesheni na mjini ni rahisi kuliko kupunguza saa moja relini. Injili ya Luka, sura ya 14, inatukumbusha habari za mtu aliyetaka kujenga mnara. Tuisome tena kabla ya kushangilia mradi wowote mkubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi kikituma watu 10 kutoka Nairobi hadi Mombasa, itagharimu pesa ngapi na saa ngapi kwa treni, na ngapi kwa basi? (Januari 2024 nauli ya treni daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Msisahau nauli ya kufika stesheni.)

2. Je, tuna mradi unaogharimu pesa hata usipotumika? Tufanye nini ili utumike zaidi?

3. Kiongozi akija kutuahidi mradi mkubwa, tumuulize maswali gani matatu?