Kabla Hujampeleka Bibi Makao ya Wazee

Ndugu msomaji wa Ziba, bibi asahauye jina la mwanawe, atokaye usiku kutafuta nyumba iliyokwisha bomoka zamani, si mchawi. Macho yake mekundu ni ya moshi wa kuni. Ubongo ndio unaougua.

Makao ya serikali yapo Ipuli, Tabora, lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyahesabu kuwa njia ya mwisho. Ikiwa kweli hapana wa kumlinda nyumbani, nenda kwanza wewe, tena jioni. Nani hukesha? Mlango wa nje hufungwaje? Mimi hutazama kucha za wazee, maana chokaa mpya ukutani hudanganya. Uliza pia kama yuko mhudumu ajuaye Kinyamwezi: Kiswahili alichojifunza ukubwani huenda kikamtoka kwanza.