Chumvi Ilikwenda, Maji Yakabaki

Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, mna bonde la jangwa liitwalo Saline Valley, maana yake Bonde la Chumvi. Upande wa magharibi imelizuia milima ya Inyo, yenye vilele vipitavyo mita 3,000. Humo Mwenyezi Mungu ameweka neema mbili: ziwa lililokauka likaacha chumvi nyeupe, na chemchemi za maji ya moto. Maji ya mvua na theluji huzama katika nyufa za ardhi, yakapata joto huko chini, kisha hupanda tena juu.

Wenyeji wa kabila la Timbisha Shoshone walichota chumvi hiyo kwa kadiri ya haja yao. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaja wachimbaji wa boraksi, na baadaye wa chumvi. Ili kuivusha mlimani, kati ya 1911 na 1913 zilitandazwa kamba za chuma juu ya minara ya mbao, mwendo wa kilomita 22, zikipanda zaidi ya mita 2,000. Ndoo za chumvi zikapita angani kwa nguvu za umeme. Kazi ya ajabu! Lakini gharama ziliielemea kampuni, na katika miaka ya 1930 ndoo zikasimama moja kwa moja. Tangu 1994 bonde hilo limo katika hifadhi ya taifa ya Death Valley. Minara iliyosalia haina kazi. Maji ya moto yangali yakibubujika.

Ndugu msomaji, Sahaba Abyad bin Hammal alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe chumvi ya Maarib, huko Yemen, naye akampa. Mtu mmoja akaeleza kwamba kitu hicho ni mfano wa maji yasiyokatika. Hapo Mtume (s.a.w.) akairejesha. Kwa kisa hiki wanavyuoni wengi walisema kwamba madini yaliyo dhahiri, yapatikanayo bila ya kuchimbuliwa na kuhitajiwa na watu wote, hayamilikishwi mtu mmoja. Mwenye kutoa jasho ana haki ya ujira wake. Asili ya neema ni ya Mola, na waja wote wana fungu humo.

Vijana wetu wasidhani hayo ni mambo ya majangwa ya mbali. Nyumbani kwetu mna kisima, na jirani ana ndoo tupu. Hukumu yaanzia hapo mlangoni.