Tiba ya Kazi: Mwacheni Mtoto Afunge Kifungo

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu fanya jaribio dogo. Tia mkono wako wa kulia mfukoni, kisha kwa mkono wa kushoto pekee fungua kifungo kimoja cha shati lako na ukifunge tena. Haya, sasa jaribu kufunga tai. Umetokwa na jasho? Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpata ndugu yangu mdogo kila asubuhi, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu mwaka huu niwaandikie wenzangu.

Ndugu yangu huyu ni kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 6. Alizaliwa na utindio wa ubongo, yaani sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia mapema, ubongo ukiwa bado unakua. Mkono wake wa kulia umekakamaa na vidole hujikunja. Akili yake ni timamu, na kwa maneno hakuna anayemweza pale kwetu! Kuna majirani walionong'ona ati ni laana. Si laana, wala si ugonjwa wa kuambukizana. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mtoto anaweza kufunzwa kuutumia vyema mwili alio nao.

Mimi nilikuwa nikimfanyia kila kitu. Nilimvisha, nilimlisha, nilimfunga kamba za viatu. Nilidhani ni mapenzi. Kusema kweli, mapenzi yalikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa haraka. Nani angengoja dakika 15 mtoto avae sweta, na matatu inapiga honi pale nje? Kisha siku ikafika mama akampeleka chekechea. Mwalimu alitupokea vizuri, ila aliuliza swali moja tu: "Mama, ataweza kwenda msalani peke yake?" Mama alinyamaza. Tulirudi naye nyumbani, na njia nzima hakuna aliyesema neno.

Kliniki ya watoto ndiyo iliyotuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya kazi. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza, nilifikiri ni ofisi ya kuwatafutia watu ajira! Kumbe "kazi" hapa ni shughuli zote zinazojaza siku ya mtu. Kazi ya mtu mzima huenda ikawa kulima au kushona. Kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kucheza na kujifunza kuandika.

Taaluma hii si ya jana. Chama cha kwanza cha kuieneza kiliundwa Marekani mnamo Machi 1917, katika mji wa Clifton Springs, New York. Mmoja wa waanzilishi wake, George Barton, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo aliyeugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto. Aliona kwamba kutumia mikono kwa kazi halisi kulimsaidia kupata nafuu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipowajeruhi askari wengi, wataalamu hawa walihitajika zaidi. Hapa Kenya hufunzwa katika vyuo kama KMTC, na tangu mwaka wa 2017 tuna sheria inayosimamia mafunzo, usajili na leseni zao.

Basi siku hiyo ya kwanza nilitarajia sindano na mitambo. Nilichokiona ni mkeka, mpira, vibanio vya nguo na sufuria ya maharagwe. Mama alimwita yule bibi "daktari," naye akacheka: "Mimi si daktari, mama. Mimi ni wa kufunza tu." Akampa ndugu yangu sweta. Mara nikaruka kumsaidia, kama kawaida yangu.

"Dada, ngoja kwanza," akaniambia. "Hiyo kazi ni ya nani?"

"Ni yake."

"Basi usimwibie."

Neno hilo lilinichoma. Hata hivyo, hakutuacha vivi hivi. Alitufunza mambo manne ambayo tunayafuata hadi leo.

Kwanza, kazi hugawanywa katika hatua ndogo ndogo, na mara nyingi huanzwa mwishoni. Mama alimvisha sweta lote, akamwachia hatua moja tu: kulivuta hadi kiunoni. Alipoweza, akaachiwa mbili, kisha tatu. Hivyo kila mara mtoto ndiye anayemaliza, na anayemaliza hufurahi.

Pili, kuna utaratibu wa mikono. Wakati wa kuvaa, mkono dhaifu huingia kwanza. Wakati wa kuvua, hutoka mwisho. Ni jambo dogo, lakini lilituondolea vilio vingi.

Tatu, mtoto akishindwa na kifaa, badilisha kifaa. Tulizungushia mpini wa kijiko kipande cha mpira wa baiskeli ili ushikike. Chini ya sahani tuliweka kitambaa kibichi isiteleze. Chini ya miguu yake tuliweka kijisanduku, kwa maana mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu zake zote asianguke, badala ya kula. Kaptura ya vifungo ikabadilishwa kwa ya lastiki.

Nne, mchezo ndio mazoezi. Kubana vibanio, kuchambua maharagwe na kukanda unga wa chapati huvipa vidole nguvu, naye hajui kama anatibiwa!

Je, tumefika wapi? Ni miezi 8 sasa. Kaptura yake ya lastiki anaishusha na kuipandisha mwenyewe, na yuko chekechea. Siku aliporudi akatangaza mlangoni, "Nimeenda choo peke yangu!" mama alijifanya anapepeta mchele ili tusimwone machozi. Kifungo cha shati bado kinamshinda. Sweta humchukua dakika 10. Mimi huamka mapema nusu saa, nikakaa kando, mikono nimeikalia nisije nikaiba tena.

Wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Ukimjua mtoto wa jirani anayefichwa nyumbani, waambie wazazi wake waulize hospitalini kuhusu tiba ya kazi, au waende kwenye vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo vilianza nchini mwaka wa 1984. Na ukimwona mtoto akihangaika na kiatu chake, usimkimbilie. Hesabu kwanza hadi mia moja. Huenda ukifika tisini, kiatu kimeshaingia.